Nyumba ya Vyumba Sita Juu ya Meza Yetu

Mume wangu alikuwa fundi wa mapaa. Si wa kuta, si wa madirisha, wala si wa vitanda. Ukimwomba akutengenezee kigoda alikutazama kama daktari uliyemwomba akukate kucha. Kazi yake ilikuwa kupandisha kenchi, zile mbao zinazobeba bati, na kwa kazi hiyo alijulikana kuanzia Kariakoo mpaka Upanga. Bahati mbaya paa linahitaji ukuta, ukuta unahitaji saruji, na miaka ile saruji ilipatikana zaidi kwenye hotuba kuliko madukani. Basi fundi wangu mashuhuri alishinda barazani na msumeno wake ulionolewa vizuri, akingoja taifa lijengwe.

Mimi nilikuwa mpiga chapa katika shirika moja la umma. Kazi yangu ilikuwa kupiga barua za kueleza kwa nini kitu fulani hakipo. Nilikuwa na kazi nyingi sana.

Tulipanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, mitaa ya nyuma ya soko. Ilikuwa nyumba ya boriti na udongo, paa la bati, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na uani kwa ajili ya kupika, kufua na kusengenyana. Mwenye nyumba, bibi mmoja mjane, alikaa chumba cha mbele. Aliitawala nyumba nzima kwa sauti tu, bila kunyanyuka kitini.

Tulikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka sita, na binti huyo alikuwa na mwanasesere wa matambara niliyemshonea mwenyewe. Jumapili moja asubuhi akamfuata baba yake barazani.

"Baba, mwanangu hana nyumba."

Baba mwingine yeyote angetafuta boksi la sabuni, akakata mlango kwa kisu, mambo yakaisha kabla chai haijapoa. Mume wangu aliweka kikombe chini na kuvaa uso wa kazi.

"Anataka vyumba vingapi?"

Mtoto akageuka kutazama ukumbi. "Kama hii yetu."

"Na paa?"

"Kama hili."

"Sawa. Nitaanza na vipimo."

Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Nilikuwa sijajua nimecheka mapema kiasi gani.

Kesho yake niliporudi kutoka kazini nilimkuta amepiga magoti ukumbini na futi yake ya kukunja, wapangaji wamesimama milangoni kwa heshima kama watu wanaohesabiwa na serikali. Alipima kila chumba, kila mlango, unene wa ukuta, hata kimo cha kizingiti kilichokuwa kinanikwaza kila siku. Akanieleza kanuni yake: kila futi moja ya nyumba yenyewe itakuwa inchi moja. Mimi si mtu wa hesabu, lakini hiyo haikuhitaji shule. Nyumba ilikuwa na upana wa futi ishirini na sita na urefu wa futi thelathini na sita, baraza mbali.

"Itakaa wapi?" nikamuuliza.

"Mezani."

"Na sisi tutakula wapi?"

"Mkekani. Wazee wetu si walikula mkekani? Walikufa?"

"Walikufa wote," nikamjibu.

Meza ile ndiyo ilikuwa meza yetu pekee. Jioni hiyo hiyo iligeuka kiwanja.

Nilidhani atagongomea vibao vinne na kufunika. Alinitazama kwa huruma. Nyumba haigongomewi, akaniambia, nyumba husimamishwa. Unaanza na nguzo, na kila nguzo ina shimo lake. Kwa hiyo akatengeneza ubao wenye kingo, akaujaza udongo, akaushindilia kwa kitako cha nyundo, akaupandisha juu ya meza yangu. Nguzo alizipata kwa muuza mishikaki wa pale pembeni ambaye, kwa jinsi nyama ilivyoadimika, alibaki na vijiti vingi kuliko wateja.

Zikaja fito. Fito ndizo zinazolazwa kwenye nguzo, huku na huku, ili udongo upate pa kushika. Alihitaji kitu chembamba, kirefu na kilichonyooka, na nyuma ya mlango kulikuwa na ufagio wangu mpya wa chelewa. Kila siku nikiushika nauona umekonda. Mwisho wa wiki ya pili zilibaki chelewa kumi na moja, nikawa nafagia kama mtu anayeitekenya sakafu.

Hakutumia gundi. Alifumua gunia la katani, akatoa nyuzi, na kwa nyuzi hizo akafunga kila fito kwenye kila nguzo, kwa fundo lile lile linalofungwa kwenye nyumba za watu. Yalikuwa mafundo mamia. Alikaa pale ulimi umemtoka pembeni, mwanamume wa vidole kama mihogo, akifunga fundo dogo kuliko punje ya mchele.

"Tone moja la gundi lingetosha," nilimwambia.

"Gundi ikilowa na mvua inaachia."

"Mvua gani, humu chumbani?"

Akafunga fundo jingine. Fundi haongei na watu wasiojua kazi.

Udongo alioufuata ulikuwa mwekundu, wa kuchagua. Akaukanda kwa vidole gumba viwili, kwa kuwa miguu isingeenea, akautia mchanga badala ya kokoto, akaukandika ukuta mmoja baada ya mwingine, ndani na nje. Halafu akakaa. Nilimuuliza kulikoni. Akasema ukuta lazima ukauke. Mtoto alikuwa anamuuliza kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na kila asubuhi alijibiwa kwamba ukuta mbichi haubebi paa. Huku nyuma mwanasesere alikuwa amelala kwenye kiatu changu cha Jumapili, nami nilikuwa nikienda kanisani na ndala.

Kuta zikakauka. Ndipo lilipofika paa, na hapo mzaha ukatuponyoka.

Mume wangu hakutaka kubuni paa. Alitaka kuliiga lile lililokuwa juu yetu, kenchi kwa kenchi. Chumba cha bibi mwenye nyumba ndicho pekee chenye dari, dari la magunia yaliyopakwa chokaa lililozificha kenchi zake, kwa hiyo akaomba ruhusa, akaweka ngazi, akaingiza kichwa kwa juu. Alikaa huko muda mrefu. Aliposhuka nywele zilikuwa nyeupe kwa chokaa, na kiganjani ameshika kitu kama unga wa dona. Alikuja nacho chumbani kwetu, akafunga mlango.

"Unaona hii? Hii ni boriti."

"Hii ni vumbi," nikasema.

"Ndiyo ninachokuambia."

Akanieleza. Juu ya ukuta wa mbele imelala boriti moja ndefu, mafundi wanaiita mtambaapanya. Miguu yote ya kenchi za upande huo inasimama juu yake. Mchwa walikuwa wameila kutoka ndani, wakaacha ganda la nje kwa adabu, ili watu wasishtuke. Yeye aliingiza kidole, kikazama mpaka kiungo cha pili. Chini ya boriti hiyo kulikuwa na kitanda cha bibi, na upande wa pili wa ukuta wake ndipo tulipolala sisi.

Tulikwenda kumwambia. Mimi nilifuata nyuma, nakiri, kwa ajili ya kufurahia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, fundi. Mwanasesere hajahamia tu?"

"Bado, bibi. Nina neno. Boriti ya juu ya kitanda chako imekwisha. Masika ikija na upepo, paa la mbele litashuka."

Bibi alitafuna tambuu yake taratibu. "Boriti hiyo aliichagua marehemu mume wangu, mkoko mtupu. Nimelala chini yake tangu nikiwa mwali."

"Ndiyo, bibi. Lakini mchwa..."

"Wewe miezi mitatu unajenga nyumba ambayo hata kuku haingii, na bado hujaezeka. Leo unifundishe mimi nyumba?"

Kwa kweli hapo sikuwa na la kumtetea. Tulirudi chumbani. Nilitegemea atanuna. Badala yake alikaa siku nne akipandisha kenchi za ile nyumba ndogo, kwa vijiti alivyochonga kutoka kwenye kasha la chai, akazisimamisha zote juu ya mtambaapanya mdogo mwembamba. Siku ya tano akambeba bibi, namaanisha alimwomba kwa unyenyekevu mpaka akanyanyuka kitini, jambo ambalo wapangaji walitoka nje kulishuhudia.

Bibi alisimama mbele ya meza yetu. Alikitambua chumba chake mara moja. Akakitambua na cha mpangaji wa nyuma, karibu na uani, akasema hata humo kinaonekana kichafu.

"Weka kijaluba chako juu ya paa, bibi," mume wangu akamwambia.

Akakiweka kile kisanduku chake cha tambuu, cha shaba. Paa likatulia. Kisha mume wangu akachukua wembe, akaukata ule mtambaapanya mahali pawili, si kuuondoa, kuukata tu, pale pale alipoona mchwa. Kenchi za mbele zikateleza nje, taratibu, kama mtu anayekaa akiwa amechoka. Kijaluba kikaanguka ndani ya chumba cha mbele. Kilitua mahali hasa palipokuwa na kitanda.

Bibi aliinama, akachukua kijaluba chake, akatoka. Mume wangu alikuwa ameanza kuchonga mtambaapanya mdogo mwingine tuliposikia kitanda kinaburutwa.

Kwa hiyo bibi akakubali boriti ibadilishwe, na fundi wangu akapata kazi hatimaye. Kilichokosekana kilikuwa kitu kidogo tu: mbao. Mbao zilitolewa kwa kibali, na kibali kilitolewa na ofisi moja ambayo ilikuwa na foleni nzuri, iliyonyooka, ya watu wenye subira. Alipanga foleni asubuhi mbili. Asubuhi ya pili akafika dirishani, akaeleza habari ya boriti na mchwa na bibi.

"Huo ni ukarabati, ndugu," karani akamwambia. "Fomu za ukarabati zimekwisha."

"Zitakuja lini?"

"Hatujaandikiwa. Zilizopo ni za ujenzi mpya. Una nyumba mpya?"

Mume wangu ni mtu asiyejua kudanganya. Hata akichelewa kurudi hueleza mwenyewe kabla hujauliza. Akafikiri kidogo, akasema ndiyo, anayo. Ya vyumba sita. Kuta zimekauka, bado paa. Karani akamwambia alete barua ya maombi na uthibitisho wa balozi.

Balozi wetu wa nyumba kumi, jicho la chama mtaani, alikuja bila kuitwa. Alikuwa amesikia mtaani kwamba fundi anajenga nyumba ya vyumba sita na hakutoa taarifa. Alifika na daftari lake, kofia kichwani, uso wa mtu aliyemkamata bepari.

"Ndugu fundi, kiwanja kiko wapi?"

"Karibu ndani, ndugu balozi."

Akaingia. Akasimama mbele ya meza. Alitazama kuta, akachungulia kila mlango kwa jicho moja, akazunguka mpaka uani. Mimi nilikuwa nimeuma upande wa khanga yangu nisicheke.

"Hii ndiyo?"

"Ndiyo hii."

Mtu mwingine angeondoka zake. Lakini balozi alikuwa tayari amefungua daftari, na daftari likishafunguliwa haliwezi kufungwa jeupe. Akaandika. Mume wangu akamwonyesha na boriti yenyewe, ule unga wake, akamweleza na mambo ya fomu. Balozi akatazama upande wa chumba cha bibi, akatazama meza yetu.

"Mimi huandika ninachokiona," akasema.

Barua yake ilisema kwamba ameiona kwa macho yake, ndani ya eneo lake, nyumba mpya ya vyumba sita iliyofikia usawa wa kenchi. Barua ya maombi niliipiga mimi, saa ya chai, kwa mashine ya shirika. Niliipiga vizuri kuliko barua zote nilizowahi kupiga, pengine kwa sababu ilikuwa ya kwanza kueleza kitu ambacho kipo. Kila neno lilikuwa kweli. Vipimo sikuvitaja. Hawakuuliza.

Mbao zilikuja kwa mkokoteni kabla masika haijaanza sawasawa, pamoja na misumari ya kutosha. Nilimwona mume wangu akizishika moja moja, akizinusa. Siku tatu nyumba nzima ilifanya kazi. Wapangaji waliinua paa kwa magogo, yeye juu akitoa amri kama nahodha, wakautoa mtambaapanya wa zamani. Ulipofika chini ulivunjika vipande vinne bila mtu kuugusa. Bibi alivitazama vile vipande, akaingia ndani, akatuletea wote chai ya tangawizi yenye sukari. Sukari! Sikuuliza alikuwa ameificha wapi. Nilikunywa vikombe viwili.

Kisha mvua ikanyesha. Ilikuwa mvua kweli, ile ya kuufanya mtaa mzima uwe mto wenye maganda ya ndizi. Na katikati ya mvua hiyo akaja mkaguzi.

Alikuwa mtu wa makamo, mwenye koti la mvua na jalada kwapani, mpole, amelowa miguu. Akatusalimia, akasema ametumwa kukagua nyumba mpya iliyopewa mbao. Miaka ile watu walikuwa wakishtakiwa kwa kuhujumu uchumi kwa makosa madogo kuliko hilo. Mume wangu alifungua mdomo aeleze ukweli wote tangu mwanasesere. Bibi akamtangulia.

"Pita huku, mwanangu."

Akamwongoza mpaka chumbani kwetu, akamwonyesha meza. Mkaguzi akasimama. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye koti lake, yakiingia kwenye mkeka wetu wa kulia chakula. Akafungua jalada. Akasoma. Akatoa kalamu, akagusa kila chumba kwa ncha yake.

"Sita," akasema.

"Sita," bibi akaitikia.

"Na mbao ziko wapi?"

Bibi aliinua kidevu kuelekea chumba chake. "Ziko kichwani kwangu. Zisingekuwapo, leo ungekuja kukagua kaburi."

Mkaguzi alikwenda akatazama juu. Alisikiliza mvua inavyolipiga bati. Aliporudi chumbani kwetu alichuchumaa mbele ya ile nyumba ndogo, akapitisha kidole kwenye kona ambayo mume wangu aliiacha bila kukandika ili mtoto aone ndani kulivyo.

"Nani amefunga mafundo haya?"

"Mimi," mume wangu akasema, kama mtu anayekiri.

"Kwetu Lindi ndivyo baba alivyofunga." Akalivuta moja kwa ukucha. Mimi nilianza kufikiri nani atamtunza mtoto nikimpelekea mume wangu chakula rumande. Hatimaye mkaguzi akasimama, akafunga jalada.

"Siwezi kuipitisha."

"Kwa nini, ndugu?" mume wangu akauliza kwa sauti ndogo.

"Haina choo. Nyumba ya vyumba sita, mjini, haina choo? Nitarudi wiki ijayo."

Akaondoka na mvua yake. Hatukujua kama ni mzaha. Mume wangu hakutaka kujaribu bahati. Alijenga choo uani mwa ile nyumba ndogo, cha nguzo na fito na udongo, na shimo lake, na kipande cha bati alichokichana kutoka kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Mkaguzi alirudi kweli, siku aliyosema, jambo ambalo katika utumishi wangu wote sikuwahi kuliona. Akainama, akachungulia chooni, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akagonga muhuri: Imekaguliwa. Inafaa kukaliwa. Chumba chetu wenyewe, tuliolala humo watu watatu, hakikuwahi kupata karatasi kama hiyo.

Mwanasesere akahamia, akipitia juu, kwa kuwa kenchi ziliachwa bila bati ili mkono wa mtoto upite. Mtoto alikuwa ametimiza miaka saba kwa wakati huo, na niliogopa kwamba hatautaka tena mchezo. Aliutaka. Alimpa mwanasesere wake chumba cha mbele, na vyumba vingine akawagawia watoto wa kike wa jirani wenye wanasesere wao. Halafu akaanza kutoa amri. Kufua mwisho saa kumi. Wageni hawalali. Nani kaacha mlango wa uani wazi? Siku moja bibi alipita ukumbini akasikia, akasimama mlangoni kwetu mpaka mwisho.

"Mtoto huyu ana maneno makali," akaniambia. "Amefundishwa na nani?"

Nikamjibu kwamba hata mimi nashangaa.

Tulikaa pale miaka minne mingine. Kisha mume wangu akapata kiwanja nje ya mji, tukakodi gari dogo la mizigo, tukapakia kitanda, meza, masufuria, na mwisho kabisa ile nyumba, kwenye ubao wake, imefungwa kamba kama jeneza. Mtoto alikuwa na miaka kumi na moja, amejifanya haimhusu. Barabara ilikuwa na mashimo. Katika shimo la tatu nilisikia nyuma yetu sauti kama ya chungu kinachopasuka, na katika shimo la sita sauti ile haikuwapo tena, kwa kuwa hakukuwa na kilichobaki cha kupasuka.

Dereva akasimamisha. Tukashuka. Kuta zote zilikuwa zimeanguka, udongo umejaa kwenye sufuria zangu. Kilichobaki kilikuwa nguzo na fito, na kenchi juu yake, tupu, unaona upande wa pili. Mume wangu aliizunguka mara mbili. Alisukuma nguzo ya kona kwa kidole kimoja, ikakataa kwenda. Aliikagua moja baada ya nyingine, akiwa ameinama pale kando ya barabara, malori yakitupigia honi.

"Hakuna fundo hata moja lililoachia," akasema. Macho yake yalikuwa yamelowa, na alikuwa anatabasamu.

Nilikuwa na la kumwambia. Nilikuwa nalo tayari ulimini, zuri, la kuchoma. Binti yetu akanitazama. Nikanyamaza, nikapanda nyuma ya gari badala ya mbele, nikaushika ule ubao kwa mikono miwili, na dereva akaondoa gari polepole.